Zamani Palikuwa Mashamba: Habari za Wilaya Iliyouzunguka Mji wa Nairobi

Watu wakaao katika mitaa ya mbali ya mashariki ya Nairobi, kama vile Dandora, Kayole, Njiru, Ruai na Embakasi, huuliza swali moja mara kwa mara. Huuliza hivi: "Ikiwa sisi tu watu wa Nairobi sawasawa na wenzetu wa Kaloleni na Jericho, mbona wao waliingia katika nyumba zilizokwisha kuwekewa barabara, mabomba na mifereji, na wengi wetu tulipokwenda kujenga tulikuta majani na matope matupu?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu. Jawabu lake limo katika habari za mpaka ambao siku hizi hauonekani tena. Mpaka mwaka 1963 mahali hapo pote hapakuwa katika Jiji la Nairobi. Palikuwa nchi ya mashamba, na mashamba hayo yalikuwa na serikali yake ya mitaa iliyoitwa Halmashauri ya Wilaya ya Nairobi, ambayo baadaye ilibadilishwa ikawa Kaunti Kaunsili ya Nairobi. Halmashauri hiyo imekwisha kusahauliwa na watu wengi, lakini kazi iliyoifanya, na ile ambayo haikuifanya, ingali yaonekana katika maisha ya kila siku. Kwa hiyo tumeona yafaa kuieleza hapa.

MJI ULIKUWA MDOGO

Reli itokayo Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei, 1899. Mwaka ule ule makao ya mtawala wa jimbo la Ukamba yalihamishwa kutoka Machakos yakaletwa Nairobi. Mwaka 1900 Serikali ilitoa sheria ya kwanza ya kuutawala mji, nayo ilisema kwamba mji ni mahali pote palipo ndani ya mwendo wa maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala huyo. Ule ulikuwa mji mzima wa Nairobi. Mtu mwenye miguu mizuri aliweza kuuvuka kutoka upande mmoja hata wa pili kabla chai yake haijapoa sana.

Nje ya duara hiyo nchi ilikuwa wazi. Wamasai walichunga ng'ombe wao katika uwanda wa Athi, na jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Wakikuyu walilima upande wa kaskazini na magharibi, na Wakamba walikaa upande wa mashariki. Kwa mapatano ya mwaka 1904, na tena ya mwaka 1911, Wamasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya nchi zao, na ardhi nyingi iliyo kandokando ya reli ikagawanywa kuwa mashamba ya Wazungu. Shamba moja liliweza kuwa na maelfu ya eka, nalo lilikuwa na hati moja na mwenyewe mmoja. Msomaji na alishike neno hili la hati moja, maana tutalirudia huko mbele.

HALMASHAURI YA WILAYA YAUNDWA

Mnamo mwaka 1926 Serikali ya Kenya ilimwita Jaji Richard Feetham kutoka Afrika ya Kusini aje kuongoza tume ya kuchunguza utawala wa miji na wilaya. Taarifa ya tume hiyo ilitolewa mwaka 1927. Mambo mawili makubwa yalifuata. La kwanza, mpaka wa mji wa Nairobi ulipanuliwa ukawa wa maili za mraba zipatazo 30, na vitongoji vya Wazungu vilivyokuwa nje vikaingizwa ndani. La pili, mwaka 1928 ilipitishwa sheria ya kuunda halmashauri za wilaya katika nchi za walowezi, na Nairobi ikawa moja ya wilaya hizo.

Tangu hapo jina la Nairobi likawa na maana mbili. Kulikuwa na Manispaa ya Nairobi, yaani mji wenyewe. Tena kulikuwa na Halmashauri ya Wilaya ya Nairobi, iliyosimamia mashamba yaliyouzunguka mji.

Kazi kubwa ya halmashauri ya wilaya ilikuwa barabara. Mwenye shamba alitaka gari lake liweze kupita na katani, kahawa, maziwa au mawe ya kujengea mpaka stesheni ya reli au sokoni mjini. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka katika ruzuku ya Serikali. Halmashauri haikuwa na haja ya kutandaza mabomba ya maji, kwa kuwa kila shamba lilichimba kisima chake au kujenga bwawa lake. Haikuwa na haja ya mifereji ya maji machafu, kwa kuwa nyumba zilikuwa chache na zimetengana. Barabara iliyohitajiwa ilikuwa ile ya kufika katika nyumba ya mwenye shamba, na ikiishafika hapo imekwisha.

Mwaka 1952 ilitolewa sheria nyingine iliyozigeuza halmashauri hizo kuwa kaunti kaunsili na kuziongezea mamlaka. Lakini nchi yenyewe haikubadilika. Ilibaki nchi ya mashamba makubwa.

WALIOISHI HUKO BILA KURA

Je, watu wote wa wilaya hiyo walikuwa wenye mashamba? Sivyo. Wengi wao walikuwa Waafrika waliofanya kazi katika mashamba hayo, pamoja na wake na watoto wao. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika akaaye katika shamba la mlowezi afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye kwa upande wake aliruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kufuga wanyama wake.

Mwaka 1937 sheria mpya ilitungwa, nayo ilianza kutumika mwaka 1940. Sheria hii ilizipa halmashauri za wilaya za walowezi mamlaka ya kuamua idadi ya vibarua wakaao shambani, idadi ya mifugo yao, na idadi ya siku zao za kazi, ambazo ziliweza kufikishwa 270 kwa mwaka. Hapo ndipo mtu awezapo kufahamu uzito wa halmashauri ya mitaa. Haikuwa chombo cha kutengeneza barabara tu. Iliweza kuamua kama mtu atabaki na ng'ombe wake watano au atawauza, na kama mke wake atapata mtu wa kumsaidia kulima wakati wa mvua au hatampata.

Ingawa ilikuwa na nguvu hizo, mfanya kazi hakuwa na kura ndani yake. Wapiga kura walikuwa Wazungu. Katika nchi za Waafrika kulikuwa na Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mwaka 1950 yakabadilishwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Lakini mabaraza hayo yalikuwa Kiambu, Machakos, Fort Hall na kwingineko. Hayakuwa na amri katika shamba la mlowezi. Basi mtu aliyezaliwa katika shamba lililo maili kumi kutoka Nairobi hakuwa na sauti mjini, wala hakuwa na sauti pale alipofanya kazi. Kama alikuwa na sauti po pote, ilikuwa katika wilaya ya baba zake, ambako pengine hakuwa na shamba wala nyumba.

MITAA ILIYOKUWA NDANI YA MPAKA

Sasa na tutazame ndani ya mji. Wazungu walijenga upande wa magharibi, penye vilima, hewa nzuri na udongo mwekundu. Waafrika walipewa upande wa mashariki, penye tambarare na udongo mweusi. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1920 na kitu. Kariokor lilipata jina lake kwa kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Shirika la Reli lilijenga landi za wafanya kazi wake Muthurwa na Makongeni. Kisha ikaja mitaa ya Manispaa: Shauri Moyo, Starehe, Ziwani, na baada yake Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 na kitu pamoja na jumba la mikutano na nafasi wazi za kuchezea watoto.

Tarehe 30 Machi, 1950, Nairobi ilipewa hadhi ya Jiji. Kabla ya hapo, mwaka 1948, ulitolewa mpango mkubwa wa ujenzi uliotaka kila mtaa uwe na shule, maduka na uwanja wake. Katika miaka iliyofuata zilijengwa nyumba nyingi zaidi za kupanga. Mitaa ya Ofafa iliitwa kwa jina la Diwani Ambrose Ofafa, aliyepigwa risasi mwezi wa Novemba, 1953, na mtaa wa Mbotela kwa jina la Bwana Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba, 1952, wakati wa Hali ya Hatari.

Hatusemi kwamba wakaao mitaa hiyo walikaa katika raha. Vyumba vilikuwa vidogo, watu walikuwa wengi, na mtu alidaiwa kipande na hati nyingine kila alipokutana na askari. Aprili, 1954, maelfu ya watu walikamatwa mjini na kupelekwa kizuizini katika msako ulioitwa Anvil. Lakini kwa upande wa ujenzi, mitaa hiyo ilikuwa na bwana mmoja, yaani Baraza la Jiji. Baraza lilipima kwanza, likachimba mifereji, likatandaza mabomba, ndipo likajenga nyumba. Mpangaji alikuta mambo hayo tayari, na kodi yake ya kila mwezi ilisaidia kuyalipia.

Maili chache mbele ya mitaa hiyo, Jiji lilikwisha na mashamba yakaanza. Shamba la Doonholm, ambalo jina lake liliitwa pia barabara tunayoiita leo Jogoo Road, lilikuwa upande huo. Embakasi ilikuwa stesheni ya reli kati ya Nairobi na Athi River, na huko ndiko ulikojengwa uwanja mpya wa ndege uliofunguliwa mwaka 1958. Mahabusi wa Hali ya Hatari walitumikishwa katika kuujenga. Uwanja huo ndio uliopewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978.

MWAKA WA 1963

Kenya ilipokuwa ikijitayarisha kwa Uhuru, tume ya mipaka ya mwaka 1962 ilizunguka nchini kusikiliza maoni ya watu. Katika mpango uliofuata Nairobi haikutiwa katika jimbo lo lote, bali ilifanywa eneo la peke yake. Mwaka 1963 kanuni mpya za serikali za mitaa zilikomesha utaratibu wa kuwa na halmashauri za walowezi mahali pamoja na halmashauri za Waafrika mahali pengine. Kaunti Kaunsili ya Nairobi ilifikia mwisho wake. Sehemu ya ardhi yake iliyo karibu na mji iliingizwa katika Jiji, na mashamba ya mbali yakaingia katika wilaya za jirani.

Jiji lilikua ghafula. Kutoka maili za mraba zipatazo 30 lilifika maili za mraba zipatazo 266, yaani kilomita za mraba karibu 690. Upande wa magharibi ziliingizwa Karen na Langata, na pia Dagoretti iliyotoka Kiambu. Upande wa mashariki na kaskazini ziliingizwa Embakasi, Njiru, Dandora, Ruai, Kasarani na Kahawa. Bwana Charles Rubia, aliyechaguliwa mwaka 1962 kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Nairobi, ndiye aliyekuwa Meya Jiji lilipopokea mzigo huo.

Twauita mzigo kwa makusudi. Kalamu yaweza kuvuka mpaka katika ramani kwa dakika moja, lakini bomba la maji halivuki hivyo. Siku ile mashamba yalipoitwa Jiji, hayakupata mfereji hata mmoja kwa sababu ya jina hilo. Yalikuwa na kile tu alichokihitaji mwenye shamba: njia ya vumbi, kisima, bwawa na seng'enge.

MASHAMBA YAKAWA VIWANJA

Baada ya Uhuru watu walimiminika mjini, kwa kuwa vile vizuizi vya zamani vilikuwa vimeondolewa. Katika hesabu ya mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu 118,976. Katika hesabu ya mwaka 1969 walikuwa 509,286. Nyumba za Baraza hazikuweza kutosha, na macho ya wote yakageukia mashamba ya mashariki. Mashamba hayo yaligeuka kuwa mitaa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mpango. Mwaka 1975 Serikali ilipatana na Benki ya Dunia kuhusu mradi wa Dandora. Viwanja 6,000 vilipimwa na kutiwa barabara, maji na mifereji, kisha mwenye kiwanja akajijengea vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Mtaa wa Umoja ulijengwa kwa msaada wa Marekani, na Buruburu ikajengwa kwa ajili ya watu wenye mishahara ya kati. Katika mitaa hiyo kazi ya chini ya ardhi ilitangulia nyumba, ingawa baadaye idadi ya watu ilizidi kadiri iliyotazamiwa.

Njia ya pili ilikuwa ya michango. Watu wa kawaida, wengi wao wasioweza kununua shamba peke yao, waliungana katika vyama na kampuni za kununua ardhi. Kila mtu alitoa kadiri yake, kampuni ikanunua shamba zima, na mwanachama akapewa cheti cha hisa. Jambo hili lilikuwa jema na la ushujaa. Watoto na wajukuu wa watu waliofanya kazi siku 180 au 270 katika ardhi ya wengine walipata sasa kuinunua ardhi yenyewe.

Lakini hapa lile neno la hati moja larudi. Shamba lilinunuliwa kwa hati yake moja ya zamani. Ili kila mwanachama awe mwenye kiwanja kisheria, ilipasa shamba lipimwe na mpima ardhi, ramani ikubaliwe na Serikali, nafasi za barabara, shule na zahanati zitengwe, ndipo hati ya zamani ivunjwe na kila mtu apewe hati yake. Palipofanyika hivyo, watu walikaa salama. Palipoharakishwa, viwanja viligawanywa kwa kamba na vigingi, kiwanja kimoja kikauzwa kwa watu wawili, nafasi ya shule ikageuka kuwa plot, na njia ikawa nyembamba hata gari la wagonjwa halipiti. Mashauri ya namna hiyo yamejaza mahakama kwa miaka mingi.

Utawala wa Jiji nao ulikuwa na taabu zake. Mwaka 1983 madiwani waliondolewa na Jiji likatawaliwa na Tume ya kuteuliwa mpaka mwaka 1992. Kwa hiyo katika miaka ambayo mashamba ya mashariki yalikuwa yakijengwa kwa kasi, wenyeji wake hawakuwa na diwani wa kumwendea.

UDONGO NAO WASEMA

Lipo jambo jingine ambalo mjenzi hana budi kulijua. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Ng'ombe na majani havisumbuki kwa hayo, lakini msingi wa nyumba husumbuka. Ndiyo sababu fundi mwema huuondoa udongo huo wote mpaka afikie mwamba au udongo mgumu kabla ya kuanza msingi. Mawe ya kuchonga ya machimbo ya Njiru na jirani zake yamejenga sehemu kubwa ya Nairobi, lakini jiwe zuri juu ya msingi mbaya halisaidii kitu. Barabara zapata shida iyo hiyo, na gharama ya kuzitengeneza mashariki ni kubwa kuliko katika udongo mwekundu.

YATUPASAYO KUKUMBUKA

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Nairobi ina watu 4,397,073. Wilaya ndogo ya Embakasi ilikuwa na watu 988,808, Kasarani 780,656, na Njiru 626,482. Tukizijumlisha tatu hizo twapata watu 2,395,946, yaani zaidi ya nusu ya watu wote wa Nairobi. Na sehemu iliyo kubwa ya wilaya hizo ndogo ndiyo ile nchi ya mashamba ya zamani. Basi aliyekuwa nje ya uzio amekuwa ndiye mwenye nyumba.

Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 mabaraza ya zamani hayapo tena. Nairobi ni Kaunti moja yenye wadi 85, na jimbo la uchaguzi lililoitwa Embakasi limegawanywa kuwa majimbo matano. Katiba ya mwaka 2010 yaitaka serikali ya kaunti iwashirikishe wananchi kabla ya kupitisha bajeti na sheria zake. Vibarua wa Doonholm na Njiru hawakupata kuulizwa neno hata moja juu ya siku zao za kazi wala ng'ombe wao. Mkazi wa leo huitwa kwenye mkutano, na asipokwenda, wengine humwamulia bomba lipite wapi.

Tena, anayetaka kununua kiwanja upande huo na ajiulize maswali haya kabla ya kutoa fedha: Je, shamba la asili limekwisha kupimwa? Je, hati ya zamani imekwisha kuvunjwa? Je, kiwanja hiki kina nambari katika ofisi ya usajili wa ardhi, na jina lililoandikwa humo ni la huyu auzaye? Cheti cha hisa chaonyesha kwamba mtu ni mwanachama wa kampuni. Si hati ya kumiliki ardhi. Tangu mwaka 2021 kumbukumbu za ardhi za Nairobi zimeanza kuwekwa katika mtambo wa Serikali uitwao Ardhisasa, na mtu aweza kufanya uchunguzi wake bila ya kumtegemea dalali.

Na wale waliokwisha kujenga, wasikubali nafasi ya barabara au ya shule iliyobaki mtaani kwao inyakuliwe wakiwa kimya. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashariki ya Nairobi ufa ulianza siku mashamba yalipoitwa Jiji kabla ya kutayarishwa kuwa Jiji. Kuuziba ni kazi ya Serikali ya Kaunti, na kuikumbusha kazi hiyo kila mwaka, katika kila mkutano wa bajeti, ni kazi ya mwenyeji.